Lisome Doa Kabla ya Kulipa Jina

Mjukuu wangu, ile picha ya piramidi ya Antaktika uliyonitumia nimeipata, na maelezo yaliyokuja nayo nimeyasoma hadi mwisho, hata pale palipoandikwa kwa herufi kubwa kwamba wakubwa wa dunia hawataki tujue. Nilicheka, maana picha hiyo ni kongwe. Ilizagaa mitandaoni mwaka 2016, ikalala, na tangu hapo kila baada ya muda inafufuliwa na kuvishwa maelezo mapya. Sikucheka kwa kukudharau, lakini. Mtu anayeshtuka akiona kitu kisicho cha kawaida kwenye picha ya setilaiti ni mtu anayefundishika. Kazi iliyobaki ni kumfundisha afanye nini baada ya kushtuka.

Wajua kazi yangu ilikuwa kusoma picha za ardhi zilizopigwa kutoka juu. Kwenye barafu sijafika, na kwa umri huu sitafika. Hata hivyo picha za ncha za dunia ndizo zinazonivutia kuliko zote, kwa sababu moja: huko hakuna wa kumuuliza. Ukiona kitu cha ajabu kwenye picha ya Singida, utampata mtu wa Singida kwa simu akwambie ni ghala la alizeti. Antaktika hakuna mwenyeji hata mmoja. Mahali pasipo na mwenyeji, kila mtu hupajaza yale aliyokuja nayo kichwani: mwenye hamu ya mafarao ataona piramidi, mwenye hofu ya vita ataona kambi ya siri, na wote wawili watakwambia lisemwalo lipo. Nasaha yangu kwako na kwa wenzako ni kwamba jina la kitu lije mwisho. Kwanza kisome.

Basi tuanze na piramidi yako. Ipo kweli, hakuna aliyeichora. Ni kilele kimoja katika Milima ya Ellsworth, upande wa kusini wa safu hiyo, kimo chake kama mita 1,265. Safu hiyo imepewa jina la Lincoln Ellsworth, Mmarekani aliyeiona akiwa kwenye ndege mwezi Novemba 1935. Humohumo kuna Mlima Vinson, mrefu kuliko milima yote ya Antaktika, mita 4,892, kwa hiyo hiyo piramidi ya kutisha ni mtoto tu mbele ya ndugu zake. Pande zake zimechongwa na maji. Theluji ikiyeyuka kidogo kwa joto la jua, maji hupenya kwenye nyufa za mwamba. Baridi ikirudi yanaganda, na maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Nguvu hiyo inapasua jiwe. Ongeza barafu inayotambaa na kusaga ubavu wa mlima kutoka pande kadhaa, uipe muda mrefu usiohesabika, utabaki na kilele chenye ncha. Matterhorn, mpakani mwa Uswisi na Italia, ni mlima wa namna hiyohiyo, na sijasikia mtu akidai ulijengwa.

Aliyekutumia picha hakukwambia jambo moja dogo: imekatwa. Ifungue ramani ya setilaiti mwenyewe, ufike pale, halafu rudi nyuma polepole mpaka uone safu nzima. Utaona vilele vyenye pande tatu, vingine pande mbili, vingine vimelika upande mmoja na upande wa pili vimevimba. Jengo huwa halifanani na majirani zake. Hiki kilele kinafanana na ukoo wake wote.

Enzi za ujana wetu uvumi haukuwa wa piramidi, ulikuwa wa shimo. Novemba 1968 setilaiti ya hali ya hewa ya Marekani iitwayo ESSA-7 ilitoa picha ya Ncha ya Kaskazini, na katikati pakaonekana duara jeusi, limekamilika utadhani limechorwa kwa bikari. Mwaka 1970 mhariri mmoja wa Kimarekani, Ray Palmer, akaichapa kwenye jarida lake la visahani vya angani, na wasomaji wakaambiwa hilo ndilo lango la kuingilia tumbo la dunia. Wako wanaoliamini hadi leo, na picha wanayoionyesha ni ileile.

Ile haikuwa picha moja. Zilikuwa picha nyingi zilizopigwa kwa muda wa saa 24, kila kipande kikichukuliwa wakati jua linaangaza eneo lake, kisha vikaunganishwa. Sasa jiulize, Novemba kwenye Ncha ya Kaskazini kuna mchana? Hakuna. Jua huzama mwezi Septemba, halichomozi tena hadi Machi. Kamera inayotegemea mwanga wa jua ikielekezwa mahali penye usiku wa miezi sita italeta weusi tu, na weusi huo utakuwa duara, kwa kuwa mpaka wa usiku na mchana, dunia ikizunguka mzunguko mmoja kamili, huchora duara. Hakuna aliyeficha kitu. Msomaji tu hakuuliza picha ilipigwa lini, wala iliunganishwaje.

Siku hizi uvumi umehamia kusini. Utaambiwa kampuni za ramani zimefunika Ncha ya Kusini kwa makusudi, na ukienda kuangalia utakuta kweli pamefifia, na mshono unaonekana wazi. Sababu ni njia ya setilaiti zenyewe. Setilaiti ya Landsat haipiti juu ya ncha moja kwa moja. Njia yake imeinama kidogo, ikifika kama nyuzi 82 na nusu inageuza. Umemwona muuza machungwa anavyomenya kwa kuzungusha kisu, akabakisha kikofia cha ganda juu? Kikofia hicho ndicho ncha. Anayetengeneza ramani huziba pengo hilo kwa picha za chombo kingine, zenye ubora mwingine, na rangi haziwezi kukubaliana.

Kuna jambo la vivuli pia, na hapa naomba utulie, maana ndipo wengi wanapoangukia. Akili ya binadamu imezoea mwanga unaotoka juu. Ikiwekewa picha ambayo mwanga unaingia kutoka chini ya ukurasa, inageuza mambo: bonde linakuwa kilima na kilima kinakuwa shimo. Tulikuwa tunawajua wanafunzi wapya kwa hilo; wanakuletea mto unaopita juu ya mgongo wa mlima. Dawa yake ni kuigeuza picha juu chini na kuangalia tena. Kisha tafuta kitu kimoja unachokijua kwa hakika kwamba kimeinuka, iwe jabali, mlingoti au meli, uone kivuli chake kimelala upande gani, na vingine vyote uvipime kwa hicho. Huko kusini jua halipandi juu sana hata kiangazi. Linazunguka chinichini, na kivuli cha jabali dogo kinanyooka mbali. Milango, kuta na ngazi nyingi unazoletewa, ukizikagua hivi, ni vivuli vilivyolala juu ya theluji.

Sasa nikupeleke kwenye doa ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu lilisomwa na mtu aliyejua kusoma.

Peter Fretwell ni mchora ramani wa taasisi ya Uingereza inayochunguza Antaktika, British Antarctic Survey. Alikuwa akitazama picha za Landsat za pwani, na juu ya barafu ya bahari akaona doa la rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Sasa elewa ubaya wa doa hilo. Pikseli moja ya picha zile za Landsat ni mita 30 kwa 30, nyumba nzima na uwanja wake inaingia ndani ya nukta moja. Ndege, mtu, hata trekta, huwezi kumwona. Barafu ile imeganda juu ya bahari, haina udongo, haina mwamba, haina mti. Kitu cha kahawia kimetoka wapi?

Fretwell alijua kitu kimoja ambacho mpenda piramidi asingekijua: mahali pale palijulikana kuwa na kundi la pengwini. Si pengwini yeyote, ni wale wakubwa kuliko wote, pengwini kaisari, wanaozaa katikati ya majira ya baridi juu ya barafu ya bahari iliyoshikamana na pwani. Dume analibeba yai juu ya miguu yake kwa zaidi ya miezi miwili bila kula. Kundi linakaa mahali pamoja kwa karibu miezi minane, maelfu kwa maelfu, na kama ujuavyo, maelfu ya ndege kwa miezi minane hawaachi mahali pakiwa safi. Doa lile lilikuwa mavi.

Angeishia hapo ingekuwa hadithi ya kuchekesha tu. Lakini yeye na mwenzake Phil Trathan walijiuliza swali la pili, na swali la pili ndilo linalotenganisha msomaji na mtazamaji: kama doa hili ni pengwini, je, madoa mengine ya rangi hii yako wapi? Wakapita pwani yote ya Antaktika kwa picha. Mwaka 2009 wakatangaza makundi 38. Kati yake 10 yalikuwa mapya, hakuna aliyewahi kuyaandika. Na kwa yale yaliyokuwa yakijulikana, 6 yalikuwa yamehama na mengine 6 hayakuonekana kabisa. Kumbuka hizo ni pwani zenye baridi na giza kiasi kwamba baadhi hazijawahi kutembelewa na mtu wakati wa kuzaa kwa ndege hao.

Mwaka 2012 wakarudi na picha kali zaidi, za setilaiti za kibiashara ambazo pikseli yake haifiki mita moja. Hapo ikawezekana kutenganisha ndege, kivuli, theluji na mavi, kila kimoja kwa rangi yake. Hesabu ikafika pengwini kama 595,000 katika makundi 46, karibu mara mbili ya makadirio ya awali. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, zenye pikseli ya mita 10, zikafichua makundi mengine madogo, na kufikia mwanzoni mwa 2024 orodha ilikuwa na makundi 66. Yote hayo kwa kulifuata doa. Niambie, mjukuu wangu, hilo lango la kuingilia tumbo la dunia limewahi kutupa nini?

Na doa linatoa habari hata likikosekana. Kundi la Halley Bay, kwenye Bahari ya Weddell, lilikuwa la pili kwa ukubwa duniani. Mwaka 2016 barafu iliyokuwa sakafu yao ilivunjika mapema, vifaranga wakiwa bado na manyoya ya utoto yasiyozuia maji. Mwaka uliofuata doa likawa hafifu, na 2018 pakawa peupe. Wengi wa waliosalia walihamia kundi la Dawson-Lambton, upande wa kusini, ambako doa likapanuka. Mwishoni mwa 2022 ikawa mbaya zaidi kwenye Bahari ya Bellingshausen: katika makundi matano yaliyofuatiliwa, manne yalipoteza vifaranga wote. Hakuna mtu aliyekuwa pale kushuhudia. Iliandikwa na weupe uliojitokeza mahali ambapo hapakupaswa kuwa weupe.

Wale wa Visiwa vya Danger nao nisiwapite. Hao ni pengwini wa Adélie, wadogo, wanazaa juu ya mawe. Mtafiti Heather Lynch na mwenzake Mathew Schwaller wa NASA walikuwa na programu ya kupekua picha za Landsat kutafuta rangi ya mavi, ambayo huwa na wekundu kwa sababu ya vijidudu vya baharini, jamii ya uduvi, wanavyokula. Mwaka 2014 programu ikasema kwenye vile visiwa, ncha ya Rasi ya Antaktika, kuna pengwini wengi ajabu. Lynch alidhani programu imekosea. Visiwa hivyo vina jina la hatari kwa haki yake, barafu ya bahari inavizingira karibu mwaka mzima, meli hazipiti. Wangeweza kutangaza wakati uleule kwamba wamegundua, magazeti yangewashangilia. Badala yake walitafuta picha kali zaidi, kisha Desemba 2015 wakapeleka msafara, watu wakashuka, wakahesabu kwa macho na kwa droni. Majozi 751,527. Matokeo yalichapishwa Machi 2018. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita kati ya doa na tangazo. Siku hizi mtu anaona picha saa mbili, saa mbili na robo ameshairusha.

Usidhani kila picha ya setilaiti ni ya mwanga. Vipo vyombo visivyoona rangi kabisa, vinapima umbali. Vinatuma mawimbi ya rada au miale ya leza chini, vinangoja irudi, vinahesabu muda. Warusi walijenga kituo cha Vostok mwaka 1957, mahali palipokuja kuweka rekodi ya baridi, nyuzi 89.2 chini ya sifuri, Julai 1983. Walikaa pale miongo kadhaa. Setilaiti ya Ulaya ERS-1 ilipopima uso wa barafu miaka ya mwanzo ya 1990, ukatokea uwanda uliosawazika kupita kiasi, na Andrey Kapitsa na wenzake, wakiunganisha vipimo hivyo na vya rada na mitetemo vya zamani, wakaonyesha mwaka 1996 kwamba kituo kimekaa juu ya ziwa. Urefu kama kilomita 250, upana hauko mbali na wa Ziwa Tanganyika, na juu yake barafu ya karibu kilomita nne. Mtu anaweza kukanyaga kitu kila siku asikijue, na kikajulikana kwa chombo kilicho kilomita mia nane juu.

Miaka ya 2003 hadi 2006 leza ya ICESat ikaleta jambo la kushangaza zaidi. Mtafiti Helen Fricker alikuwa akilinganisha vipimo vya sehemu moja ya barafu Antaktika Magharibi, akaona uso umeshuka kwa mita zipatazo tisa. Barafu haishuki hivyo. Alichokuwa akikiona ni ziwa lililo chini likijimwaga, maji kama kilomita mbili za ujazo, yakienda kuelekea baharini gizani. Jirani yake kulikuwa na ziwa jingine, likaitwa Whillans, na Januari 2013 watu walitoboa mita 800 za barafu wakalifikia. Walikuta vijidudu hai. Hapo tena, namba ilitoka angani, lakini uthibitisho ulitoka kwenye ndoo ya maji.

Na siri za serikali? Zipo, sikatai. Wamarekani walichimba mji chini ya barafu ya Greenland mwaka 1959, wakauita Camp Century, kama kilomita 240 mashariki ya kambi yao ya Thule. Ulikuwa na mahandaki na kinu kidogo cha nyuklia. Kwa nje walisema ni wa utafiti. Ndani kulikuwa na mpango wa kuficha makombora 600 chini ya barafu, mpango ambao haukutimia kwa kuwa barafu haitulii, inatembea na kubana mahandaki. Mwaka 1967 wakauacha. Aprili 2024 ndege ya NASA iliyokuwa ikijaribu rada ya kupima sakafu ya mwamba ilipita juu, na kwenye picha ikatokea mistari iliyonyooka chini ya barafu. Hata wanasayansi wenyewe hawakujua mwanzoni wanatazama nini. Ilikuwa ndege, si setilaiti, naliweka wazi usije ukanukuu vibaya. Ninachotaka ukione ni kwamba siri ya kweli ina ramani yake, ina mafuta yaliyoachwa, ina takataka ambazo watafiti mwaka 2016 walionya kwamba zinaweza kuja kufichuka barafu ikiyeyuka. Siri ya kutunga haina takataka.

Msidhani pia ujinga huu umeletwa na simu. Mwaka 1906 Robert Peary, akitafuta Ncha ya Kaskazini, alidai kuona nchi mpya kwa mbali ng'ambo ya barafu, akaipa jina la tajiri aliyemchangia: Crocker Land. Jina limetangulia, unaona? Mwaka 1913 msafara ukaondoka kwenda kuitafuta, ukiongozwa na Donald MacMillan. Aprili 1914, wakiwa juu ya barafu ya bahari, wakaiona: vilima, mabonde, vilele vya theluji. Piugaattoq, Mwinuiti aliyekuwa nao, akawaambia ni ukungu tu. Wakaendelea siku kadhaa. Nchi ikawa inahama kila jua linapohama, mpaka MacMillan akakubali kuwa ni mazigazi. Piugaattoq hakurudi nyumbani; siku chache baadaye Mmarekani mmoja wa msafara uleule, Fitzhugh Green, alimpiga risasi akamuua, na hakushtakiwa. Mwenye kuijua barafu alisema ukweli tangu asubuhi ya kwanza, na historia ikaenda kuandika majina ya wengine. Ukiwa msomaji wa picha, mtafute Piugaattoq wako kabla hujafungua mdomo: mvuvi, mchungaji, rubani, yeyote anayepajua.

Hata wataalamu wa leo hawajasalimika. Julai 2021 watafiti walitua kwa helikopta kaskazini mwa Greenland juu ya kijisiwa cha kokoto, kama mita 60 kwa 30, wakatangaza wamekanyaga nchi kavu iliyo kaskazini kuliko zote duniani. Mwaka uliofuata wengine wakaenda na vifaa vya kupima kina. Halikuwa ardhi. Lilikuwa pande la barafu lililokwama, limebeba udongo na kokoto mgongoni. Sasa kama aliyesimama juu yake alidanganyika, wewe uliye na picha ya simu una haraka ya nini?

Nikutolee na cha kucheka kidogo. Mwaka 1976 Wakanada waliona kwenye picha za Landsat ya kwanza nukta angavu baharini, mbali kidogo na pwani ya Labrador. Ilikuwa na mita 25 kwa 45, ndogo kuliko pikseli yenyewe ya wakati ule, lakini ikang'aa kuliko maji meusi yaliyoizunguka. Wakamtuma Frank Hall akahakikishe, wakamteremsha kwa kamba kutoka kwenye helikopta. Juu ya kisiwa alikuwepo dubu wa barafuni, naye akamrushia makucha. Wakamvuta juu haraka. Kisiwa kikaitwa Landsat, na dubu hakuwemo kwenye picha yoyote.

Utaniuliza, babu, mimi nitaanzia wapi na simu yangu ya kioo kilichopasuka? Hazina yote ya Landsat, tangu 1972, ni bure tangu Wamarekani walipoifungua mwaka 2008, na picha za Sentinel za Ulaya nazo ni bure. Kazi za kujitolea zipo pia. Mwaka 2021 Michelle LaRue na wenzake walitoa hesabu ya sili wa Weddell wa kike, wapatao 202,000, iliyotokana na watu zaidi ya laki tatu waliokaa majumbani mwao kutafuta nukta nyeusi juu ya barafu. Mwaka huohuo ukaanza mradi wa kuhesabu walarasi wa Aktiki kwa njia hiyohiyo. Hawakuulizwa vyeti. Na ukitaka kuingia kwenye taaluma yenyewe, pale Nairobi kipo kituo cha RCMRD kinachofundisha usomaji wa picha za setilaiti tangu miaka ya 1970. Mashamba yetu na mikoko yetu yanahitaji macho kuliko hata pengwini.

Lakini kabla ya yote nakupa zoezi. Nenda nyuzi 67.58 kaskazini na 134.77 mashariki, ndani ya Yakutia, Urusi. Utaona kovu ndani ya msitu, kichwa kipana na mkia mwembamba. Wenyeji wana jina lake na magazeti yana lake la kutisha, usiyasome kwanza. Tafuta picha ya Landsat ya miaka ya 1990, kisha ya mwaka huu, zote za mwezi Julai ili theluji isikuchanganye. Pima upana kwenye zote mbili. Angalia kivuli kimelala upande gani ujue kama ni kilima au shimo, angalia mto ulio karibu una rangi gani pale mkia unapougusa. Uniandikie ulichokiona, ukurasa mmoja, bila jina la kitu humo ndani. Picha za piramidi usiache kunitumia, ila kila moja ije na tarehe yake.